Masale Nyuma ya Kituo

Mwezi uliopita tulimzika Naserian huko Oldonyo Sambu, na wakati wasifu wake unasomwa mimi nilikuwa naangalia mlimani. Wasifu wenyewe ulikuwa mzuri, sina ugomvi nao. Alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto na wajukuu, akawa mzee wa kanisa, akaugua, akalala. Lakini kati ya kubatizwa na kufunga ndoa kuna mwaka mmoja ambao haukutajwa, na nani angeutaja? Waliokuwa wakiujua wamekwisha, nimebaki mimi na goti langu bovu. Juu ya mashamba ya viazi, pale msitu unapoanza, ule mgongo wa mlima bado upo. Mnara wa kituo uling'olewa zamani. Nilikaza macho nione hata kipande cha ukuta, nikaona miti tu. Nikarudi kwangu Sakina, mjini Arusha, nikavua viatu, nikakaa kitandani na nguo zangu za msibani, na hamu ikanishika vibaya. Nilitaka kupanda kule tena, yeye akiwa mbele na fimbo yake, ananikaripia kwamba natembea kama mgonjwa.

Nilikwenda Oldonyo Sambu mwezi wa kwanza, baada ya kumaliza kidato cha nne, kumsaidia shangazi Ndeshi aliyekuwa amejifungua. Kwetu Wachaga mwanamke aliyejifungua hulishwa mtori wa ndizi na nyama mpaka ang'ae, asiguse ufagio wala sufuria, na shangazi alikuwa anaijua haki yake hiyo barabara. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na moto, mtoto kifuani, ananiamuru: mtori umekuwa mzito, mtori umekuwa mwepesi, nyama umeiweka lini hii. Mume wake, ambaye sote tulimwita Baba Kunda kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alikuwa na duka pembeni ya barabara ya Namanga. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, na dukani mwake mlikuwa na chumvi, viberiti, betri za tochi na maneno mengi. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, ya mbao, na kati ya chumba changu na chao palikuwa na pazia la kanga tu. Kwa hiyo yale niliyosikia mwaka ule sikuyatafuta, yalinifuata kitandani.

Maziwa tuliletewa na Naserian, binti wa Mzee Saruni, Mwarusha aliyekuwa na boma lake juu kidogo ya barabara. Aliyaleta kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi wa mzeituni wa porini, na mpaka leo chai isiyonukia ule moshi kwangu ni maji ya moto tu. Tulikuwa wa umri mmoja. Yeye aliishia darasa la saba, na siku ya kwanza alisimama mlangoni akanipima kwa macho kama anayetaka kununua mbuzi.

“Wewe ndiye msichana wa mjini?”

“Ndiyo.”

“Unajua kukamua?”

“Sijui.”

“Kufukiza kibuyu je?”

“Sijui.”

“Sasa huko mjini mlikuwa mnafanya nini siku nzima?”

Shangazi alicheka mpaka mtoto akaamka. Mimi niliudhika, lakini kesho yake nilimngojea, na keshokutwa vilevile. Wiki haikuisha aliniambia, “Twende nikakuonyeshe Redio.”

Redio ndilo jina ambalo watu walikiita kile kituo. Kilikuwa kituo cha mawasiliano cha jeshi, kimejengwa mgongoni mwa mlima katikati ya msitu wa mitarakwa, na wanajeshi wake walikuwa wameondoka mvua za vuli zilizotangulia. Hakuna aliyeelezwa sababu. Malori yalipanda, yakashuka na mitambo, mnara na kuta vikaachwa. Kwingine watu wangekwisha kuezua mabati, lakini wazee wa pale walisema mali ya serikali haiozi na mwenyewe huwa anarudi, kwa hiyo hata ng'ombe hawakuchungwa karibu. Nilitarajia kukuta popo na kinyesi cha nyani. Nilikuta sakafu imefagiwa. Naserian alichomoa ufagio wa matawi nyuma ya mlango, akaanza kufagia tena, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni msichana anayependa usafi.

Kulikuwa na vyumba vitatu. Cha jenereta kilikuwa na sakafu nyeusi kwa oili, na ukisimama katikati ulihisi bado kuna joto, ingawa halikuwepo. Cha betri kilinuka ukali unaochoma pua. Chumba cha redio ndicho kilichokuwa chetu. Kuta zake zilifunikwa mbao laini zenye vitundu vidogo vidogo vya kumeza sauti, hata ukipiga kelele sauti ilifia mdomoni, na juu ya meza ya zege mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu SIKILIZA KWANZA. Juu ya meza ile palikuwa na duara za vikombe vya chai, nyingi, zimeingiliana. Ukutani zilitokeza nyaya zilizokatwa. Mchezo wetu ulikuwa kuchukua ncha ya waya, kuiweka sikioni, na kutangaza habari.

“Wanasemaje huko?” nilimwuliza.

“Wanasema sukari imefika Arusha.”

“Kilo ngapi kila mtu?”

“Wanasema Wachaga wamekwisha kuichukua.”

Tulicheka sana katika chumba kile ambacho hakikuwa kinarudisha kicheko. Nilikuwa sijawahi kuwa na rafiki wa kucheka naye bila sababu, na nilishuka mlimani nikijiona mtu mpya. Lakini niliona pia kwamba Naserian alijua mambo mengi mno. Hapa chai ilichemkia. Hapa kiti kilivunjika mguu. Hapa koplo alikaa, vile vitu masikioni, mkono mmoja umeinuliwa hivi, maana yake nyamaza.

“Koplo gani?”

“Koplo tu,” alisema, akaenda kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Ilichukua miezi kabla jina halijatoka. Mwezi wa saba ukungu ulitukuta juu, ule ukungu wa Meru unaoshuka ghafla mpaka usione mkono wako, tukajibanza nyuma ya jengo upande usio na upepo. Hapo ndipo nilipoyaona. Chini ya ukuta, mstari mmoja ulionyooka, masale. Si mmea wa kuota wenyewe kwenye baridi ile. Mtu aliyaleta, akayapanda, akayawekea mawe. Na shina moja lilikuwa limekatwa kwa kisu.

“Haya masale kayapanda nani?” niliuliza.

“Hayo? Aminieli. Koplo. Alisema ni ya kwao Machame, akiyaona analala vizuri.” Akaligusa lile shina lililokatwa. “Ni dawa ya ng'ombe.”

“Nani kakuambia ni dawa ya ng'ombe?”

Ndipo aliposema yote, akiwa ameuelekeza uso wake ukungani. Alikuwa akipanda kuchota maji kwenye tangi la kituo, koplo akamkaribisha chai, kisha chai ikawa mazoea, na hapakuwa na kitu zaidi ya chai na maneno, aliniapia. Siku moja Mzee Saruni alipanda kumtafuta ndama, akamkuta binti yake amekaa kwenye kiti cha mwanajeshi anakunywa chai. Aligeuka akashuka. Siku chache baadaye amri ya kufunga kituo ikaja. Na kabla malori hayajapanda, Aminieli alifika kwenye boma lao mchana, amevaa sare, mkononi ameshika majani mawili yaliyofungwa fundo. Alimpa mzee kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kimya.

“Baba akayageuzageuza, akamtupia ndama. Ndama akatafuna, akatema. Aminieli akapiga saluti, akaondoka.” Sauti yake ilianza kukatika. “Nilikuwa nimesimama mlangoni, Aikande. Nilingoja ataje jina langu. Amekuja mpaka nyumbani, akaleta dawa ya ng'ombe, akaenda zake!”

Kwa msomaji asiye wa kwetu inabidi nieleze. Sale ndio mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na ndiyo alama ya kaburi la babu. Likifungwa fundo likapelekwa kwa uliyemkosea, maneno hayahitajiki tena, anayelipokea husamehe hata kama ulimchomea nyumba. Nimekulia katika watu wanaogombana kwa ufundi mkubwa, na sikuwahi kusikia aliyelikataa sale. Kumlisha ndama, mbele ya aliyelileta, hiyo hata bibi zetu waliopenda kututisha hawakuwahi kuitunga. Nilimweleza Naserian pale pale ukutani, meno yakigongana kwa baridi. Nilimwambia yule kijana aliomba asamehewe, na kwamba kwetu mtu haombi binti kabla hajasamehewa, kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa ile.

“Kwa hiyo alikuja kwa ajili yangu?”

“Alikuja kwa ajili yako.”

“Na baba akampa ndama.”

Alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akalia kwa nguvu huku ameshika lile shina lililokatwa. Mimi nikalia naye, ingawa huyo koplo sikuwahi kumwona. Ukungu ulipofunguka alishuka mlima mbio bila kuningoja. Jambo lenyewe lilikuwa zito, maana watu wa ng'ambo ya barabara walikuwa wamekwisha kuleta pombe ya asali kwa Mzee Saruni, kumtaka Naserian kwa kijana wao, na mzee alikuwa ameipokea.

Sikuweza kukaa na habari ile. Nilimwambia shangazi wakati namkorogea mtori, na usiku ule pazia la kanga likanipa yaliyobaki.

“Sale kapewa ndama, Baba Kunda! Ndama!”

“Punguza sauti, mtoto amelala.”

“Kijana wa watu ameondoka anajua amelaaniwa. Wewe ungelala?”

“Nisingelala. Lakini tunajiingizaje kwenye boma la watu? Mimi hapa ni mgeni na duka langu.”

“Mgeni wa miaka yote hiyo! Maziwa yao unakunywa. Aliyelitupa sale hakujua. Asiyejua huelezwa.”

Baba Kunda alikuwa mwoga wa ugomvi kama wafanyabiashara wote wenye akili, lakini Jumapili baada ya ibada alivaa koti lake, akanibebesha ugoro na majani ya chai, tukapanda kwa Mzee Saruni. Niliinamisha kichwa, mzee akaniwekea kiganja chake utosini kama ilivyo desturi yao, kiganja kizito na cha moto. Nilikaa na wanawake, kibuyu cha maziwa mapajani, masikio yangu nje. Naserian alikuwa karibu nami, na mama yake, yeyo wake, alikuwa anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwenye chungu, polepole kabisa, mwiko usigonge, ili naye asikie.

“Jani?” Mzee Saruni aliuliza. “Lile jani la mwanajeshi?”

“Lile, mzee. Kwetu lile ni msamaha. Haliongezewi neno.”

Nilimsikia mzee akinusa ugoro. “Mimi nilidhani ni dawa ya kupe. Mtu anakuja na nguo za serikali, ananipa jani, hasemi. Nifanyeje? Nikampa ndama, yeye ndiye alikuwa na kupe.”

“Ndiyo hivyo, mzee.”

“Sasa kwa nini hakung'oa nyasi? Nyasi amezikanyaga kutoka kule juu mpaka hapa mlangoni kwangu. Angeinama, ang'oe, azishike mkononi. Hata huyu mtoto wangu mdogo angejua kwamba anaomba amani.”

“Kwetu nyasi ni za ng'ombe, mzee.”

“Na kwetu jani ni la ng'ombe!”

Walicheka wote wawili, kicheko kikubwa cha wanaume, na ndani mwiko wa yeyo ulisimama. Kicheko kilipokwisha mzee alizungumza kwa sauti nyingine. “Nilimkasirikia. Sikatai. Lakini mtu akiniomba, mimi si jiwe. Yuko wapi?”

“Jeshini, na huko hatumpati. Ila Krismasi Mchaga anarudi kwao hata kwa kutambaa. Nami nakwenda. Machame siyo mbali na kwetu.”

“Basi hao wa ng'ambo nitawaambia wangoje. Ukirudi na neno lake tutakaa tuzungumze. Ukirudi huna, nisisumbuliwe tena na majani.”

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoililia. Hakuna kitu kilichotokea, na nilikuwa na furaha kuliko miaka yote iliyokuja baadaye, ikiwemo ile ya harusi yangu. Tulipanda Redio kila tulipoweza kutoroka kazi. Asubuhi zisizo na mawingu tulikwea juu ya tangi la maji, na kule mashariki Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imekaa na theluji yake, nyeupe, karibu kiasi cha kuigusa. Alikuwa ananiuliza Machame ni wapi hasa, nami namwonyesha kwa kidole, pale chini ya theluji, upande huu unaotutazama, halafu kesho ananiuliza tena. Alijifunza kupika mtori kwenye jiko la shangazi, akaunguza sufuria mbili. Nilimfundisha kusema “Shimbonyi” ili amsalimie mama mkwe, akawa anawasalimia hivyo ng'ombe wakati wa kukamua, na mimi nikajifunza kukamua, vibaya, ng'ombe mmoja tu mpole ndiye aliyenivumilia. Kwa ufagio ule wa matawi sasa tulifagia wote. Nilikuwa sijapendwa na mtu bado, kwa hiyo nililitumia penzi lake kana kwamba ni letu la ushirika. Nilikuwa naamka nikijiuliza, je, atakuja na nani, atavaa nini, na kama sare itakuwa imepigwa pasi.

Aliniambia siku moja, tukiwa tumekaa kwenye meza ya zege miguu inaning'inia, “Mwaka jana nilikuwa nafagia humu kwa hasira. Nilikuwa nasema, nitafagia mpaka alama yake hata moja isibaki.”

“Na sasa?”

“Sasa nafagia asije akakuta pachafu.”

Desemba Baba Kunda alifunga duka, akaenda Moshi na shangazi na watoto, wakaniacha na kuku. Sikumbuki kama nilikula Krismasi ile. Waliporudi, mwaka mpya umeingia, Naserian alikuwa ameliona gari likisimama kabla yangu, akashuka bila hata kibuyu. Baba Kunda hakuweza kumtazama. Alianza kufungua milango ya duka, akaweka mzigo huu hapa, ule pale, mpaka shangazi akamwambia, “Mweleze mtoto wa watu.”

Baba Kunda alimkuta Aminieli njiani huko Machame, karibu na kanisa, anatoka kuchinja, amebeba mguu wa mbuzi begani. Alimvuta pembeni akamweleza kila kitu, ndama, kupe, nyasi, na kwamba mzee hakuwahi kumkataa. Na matangazo ya ndoa ya Aminieli yalikuwa yamesomwa kanisani mara ya mwisho Jumapili iliyotangulia. Kwao walimwona amerudi kimya, haongei, wakamtafutia msichana wa jirani, naye akakubali kwa kuwa hakuwa na la kungojea. Pombe ya mbege ilikuwa inachacha. Ndugu walikuwa wamekwisha kufika kutoka Dar na Tanga.

“Nilipomaliza kusema,” Baba Kunda alisema, “alikaa chini. Palepale barabarani, na suruali mpya ya sikukuu. Mguu wa mbuzi ukaanguka vumbini. Watu wanapita, wanamsalimia, haitikii.”

“Akasema nini?” niliuliza mimi, maana Naserian hakuuliza.

“Baadaye sana aliniuliza kama mzee amesamehe kweli. Nikamwambia amesamehe. Akasema asante.”

“Hakutuma neno?”

“Hapana, mwanangu.”

Naserian alikuwa amesimama upande wa wateja, mikono juu ya meza ya duka. “Rudia hapo alipokaa,” alisema.

Baba Kunda alirudia, barabara, suruali, vumbi. Naserian akamshukuru kwa adabu, akamuuliza shangazi hali za Moshi, akatoka. Nilimfuata. Tulipanda mpaka Redio, na mara ile hakushika ufagio. Alikaa juu ya meza, upande aliokuwa akikaa koplo. Jua lilikuwa linaingia dirishani kusiko na kioo, likaangaza zile duara za vikombe, naye akawa anazipitishia kidole moja baada ya nyingine. Nilikuwa na uchungu kana kwamba ni mimi niliyeachwa, na nilimwonea haya kwa sababu yeye hakuwa analia.

“Aikande,” alisema, “unadhani alikaa muda gani?”

Sikujua. Nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne tu. Nikamwambia, “Labda mpaka watu wakamwinua.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika kama aliyepewa haki yake. Halafu akashuka mezani, akajipangusa, akasema yeyo yuko peke yake na ng'ombe. Jioni ile alimwambia baba yake kwamba wale wa ng'ambo wanaweza kuja. Walikuja. Alimpata mume mpole, wakaishi vizuri, na katika miaka yote ya kutembeleana hakulitaja tena jina la Aminieli, nami sikumtajia. Mwezi wa pili nilirudi mjini kuanza chuo. Swali lake nimekaa nalo mpaka uzee huu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na nimejua kidogo jinsi watu wanavyopenda, na jibu nililompa siku ile naliona lilikuwa la kitoto. Laiti angeniuliza leo, ningemwambia hajainuka.